Nani Aliifua Nyundo ya Mhunzi?

Mhunzi hufua jembe kwa nyundo. Nyundo hiyo nayo ilifuliwa kwa nyundo nyingine, na hiyo nyingine kwa nyundo iliyoitangulia, hata tukirudi nyuma vizazi kwa vizazi tutamfikia mtu fulani, tusiyemjua jina wala kabila, aliyegonga chuma kwa jiwe. Mkulima anayenunua jembe sokoni hayaulizi hayo. Huyatazama makali, huupima uzito mkononi, hulipa, akaenda zake shambani. Wala hakosei, kwa sababu nyundo mbaya haiwezi kujificha ndani ya jembe. Jembe likiwa bovu litapinda, na ubovu wake utaonekana mchana kweupe.

Ziko nyundo za namna nyingine, ambazo ubovu wake huweza kuhamia ndani ya kila jembe ukalala humo miaka mingi bila kuonekana. Nyundo hizo ni programu zinazotengeneza programu. Kazi yangu imenikalisha karibu nazo kwa muda mrefu, na swali ninalotaka tulifikiri pamoja, ndugu msomaji, si swali la ufundi ingawa limezaliwa katika ufundi. Ni hili: mtu anapoleta chombo kipya katika nyumba ya watu wengi, chombo ambacho wengi wao hawana uwezo wa kukichunguza, ana wajibu gani kwao? Nao wana wajibu gani kwake?

Niruhusu kwanza nieleze chombo chenyewe. Kompyuta haifahamu Kiswahili wala Kiingereza, wala haifahamu moja kwa moja lugha ambazo mafundi huzitumia kuandikia programu. Inafahamu lugha ya prosesa yake tu, lugha ya sifuri na moja. Kati ya fundi na mashine, basi, lazima awepo mkalimani, na mkalimani huyo ni programu iitwayo kompaila. Kwa kawaida kompaila hutafsiri kwa lugha ya mashine ile ile inamokaa. Lakini iko kompaila inayokaa katika mashine ya lugha moja na kutafsiri kwa ajili ya mashine ya lugha nyingine. Mimi huiita kompaila ya ng'ambo, kwa kuwa hapa inafanya kazi, na matunda yake yanaliwa kwingine. Haifanyi kazi peke yake. Inafuatana na asembla inayogeuza maagizo kuwa tarakimu, linka inayounga vipande viwe programu moja, na maktaba ya C ambayo karibu kila programu huitegemea. Kwa kuwa kila zana hupokea kazi kutoka kwa mwenzake, mafundi huziita zote pamoja mnyororo wa zana.

Haja ya mnyororo huo ni ya kweli. Mashine ndogo na dhaifu ingetumia saa nyingi, pengine siku, kutafsiri kile ambacho mashine kubwa hukitafsiri kwa dakika chache, kwa hiyo mwenye nguvu humfanyia kazi asiye na nguvu. Iko pia haja iliyo kubwa zaidi. Aina mpya ya prosesa inapozaliwa haina kompaila yake, na bila kompaila haiwezi kujitengenezea kompaila. Hakuna mtoto aliyejizaa. Kompaila yake ya kwanza, na programu zake za kwanza, lazima zitengenezwe ng'ambo na kuletewa.

Linux huwafikia watu kwa mikusanyo iitwayo distribusheni, na mmojawapo ulio mkongwe ni Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ndani yake mna makumi ya maelfu ya vifurushi vya programu, na wanaoutunza ni watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mwaka 2015 Debian ilitoa toleo lake la 8, ambalo kwa mara ya kwanza liliihudumia aina ya prosesa iitwayo arm64. Mwaka 2025, katika toleo la 13, ilipokelewa rasmi riscv64, aina iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kabla ya aina kama hizi kusimama zenyewe, mizigo yao ya kwanza hubebwa na kompaila ya ng'ambo. Zikishasimama, desturi ya Debian ni kuziachia zijijengee vifurushi vyake katika mashine za aina hiyo hiyo.

Sasa fikiri uzito wa jambo hili. Nikinunua sufuria mbovu kwa ajili ya jiko langu, nitakula mimi wali ulioungua. Nikileta kompaila mpya katika distribusheni, nimeugusa kila wali utakaopikwa humo, na walaji sitawaona nyuso zao. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mafundi tunaijua sana furaha hiyo ya kipya. Chombo kipya kina kasi, kina sifa, kinafungua mlango uliokuwa umefungwa. Kidonda huja baadaye, tena mara nyingi huwauma wengine.

Aliyekionyesha kidonda hiki wazi kuliko wote ni Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, alieleza hila ambayo hata leo hunisisimua mwili. Tuseme fundi anaibadili kompaila ili, kila inapotafsiri programu ya kuingilia katika kompyuta, ichomeke humo mlango wa siri anaoujua yeye tu. Atakayesoma maandishi ya kompaila ataiona hila hiyo. Basi fundi anaongeza hila ya pili: kompaila inapojitafsiri yenyewe, izichomeke hila zote mbili katika kompaila mpya inayozaliwa. Kisha anayafuta maandishi yote ya hila. Kuanzia hapo maandishi ni safi, hata malaika akiyasoma hataona doa. Lakini kila kompaila inayozaliwa na kompaila ile inazaliwa na hila ndani yake, nayo itairithisha kwa watoto wake. Thompson alihitimisha kwamba huwezi kuiamini kikamilifu programu ambayo hukuitengeneza yote mwenyewe.

Tazama jinsi jambo hili linavyoitikisa fikra yetu ya kujitegemea. Tungedhani siku ambayo mashine mpya imeanza kujitengenezea kompaila yake ndiyo siku ya uhuru wake, kwamba yaliyoletwa kutoka ng'ambo yamekwisha. Sivyo. Mnyororo wa kwanza ukiwa na doa, doa hilo litaishi ndani ya uhuru wenyewe. Ndiyo maana mlango anaouingilia mgeni wa kwanza unahitaji ulinzi kuliko milango yote itakayofuata.

Niseme na niliyoyaona kwa macho yangu. Kundi letu dogo lilikuwa linatunza distribusheni ndogo, iliyotokana na Debian, kwa ajili ya kompyuta ndogo za bei nafuu zilizokuwa zikitumiwa katika zahanati kadhaa kuhesabia dawa. Zililetwa kompyuta za aina mpya, zenye prosesa ambayo zana zetu hazikuijua. Kijana mmoja wa kundi letu, mwerevu na mchapakazi, akaja na mnyororo wa zana uliotayarishwa na waliotengeneza kompyuta zile. Ulikuwa faili moja kubwa lililokwisha kutafsiriwa, halina maandishi yake ya asili wala maelezo ya jinsi lilivyojengwa. Alilijaribu usiku mmoja, na asubuhi programu zetu zikawa zinakimbia kwenye mashine mpya.

Kiongozi wetu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwamkia kabla ya kuzungumza naye, akakataa.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Nakuomba unisikilize. Wenye kompyuta ndio hao hao wenye kompaila. Kama hatuiamini kompaila yao, mbona tumeiamini chipu yao?"

"Marahaba, mwanangu. Umesema kweli. Katika chipu wameshatushika mkono mmoja. Ndiyo tuwape na wa pili?"

"Na wale wanaosubiri kule zahanati, mama? Kila siku tunayochelewa wanahesabu dawa kwa kalamu na daftari."

Mama hakujibu mara moja. Nami sikuona haraka wapi pa kusimama, kwa kuwa wote wawili walikuwa na haki mkononi. Kijana alikuwa akimtetea mtu aliyepo, mwenye jina na foleni mbele yake. Mama alikuwa akimtetea mtu ambaye bado hajafika, atakayeumia kwa jambo ambalo hatalijua asili yake. Maadili ni rahisi pale ubaya unaposhindana na wema. Hapa wema ulikuwa unashindana na wema.

Ziko njia mbili ambazo watu huzikimbilia wanapofika katika njia panda hii. Ya kwanza ni kusema: usimwamini mtu, jifanyie yote mwenyewe, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni neno zuri la kumwamshia mvivu. Kama kanuni ya maisha haliwezekani. Hakuna aliyeandika mwenyewe kila programu anayoitumia, na angeziandika, angeziandikia juu ya chipu aliyoichonga mtu mwingine. Mtu anayejigamba kwamba hamwamini yeyote amesahau tu kuhesabu anaowaamini.

Njia ya pili ni kusema: mjue mtu, ukimwona ni mwema, pokea anacholeta. Njia hii ni ya utu zaidi, na ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini mwezi Machi 2024 ulimwengu wa Linux ulipata somo gumu. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea kwa zaidi ya miaka miwili kusaidia kazi ya xz, programu ndogo ya kubania mafaili. Alikuwa msikivu, mwenye bidii, mwenye maneno ya upole, hata akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 alificha mlango wa siri. Sehemu ya kuuamsha haikuwamo katika maandishi yaliyokuwa wazi kwa wote. Iliwekwa katika kifurushi cha toleo, nayo iliamka wakati wa kujengwa kwa programu, tena ilipotambua kwamba inajengwa kwa ajili ya distribusheni kama Debian. Ilikwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian kabla haijagunduliwa. Aliyeigundua, mhandisi Andres Freund, hakuwa akimtafuta mwizi. Aliona tu kwamba kuingia katika mashine yake kwa mbali kunachelewa kama nusu ya sekunde, akakataa kulipuuza.

Wema wa Jia Tan ulionekana kwa miaka miwili, na ulikuwa chambo. Je, tuseme basi wema si kitu? Hasha. Tuseme kwamba wema wa mtu ni jambo la moyoni, na moyo wa mtu hausomeki. Kinachosomeka ni njia anayoiacha nyuma yake.

Hapo ndipo fikra yangu ilipotua. Anayeleta chombo kipya katika nyumba ya wengi ana wajibu wa kuacha njia wazi, ili mtu mwingine aweze kuipita hatua kwa hatua, akafike pale pale alipofika yeye. Njia kama hiyo si ndoto. Mwaka 2005 David A. Wheeler alionyesha dawa ya hila ya Thompson. Chukua kompaila ya pili isiyo na undugu na ile unayoitilia shaka. Itafsirie maandishi ya kompaila ya kwanza, kisha utumie zao lake kuyatafsiri tena maandishi yale yale. Mambo yakiwa sawa, faili linalopatikana litalingana na lile la asili tarakimu kwa tarakimu. Ni kama kuwaita wakalimani wawili wasiojuana: kuongopa wote wataweza, lakini kuongopa sawasawa ni vigumu sana. Tangu mwaka 2013 watu wa Debian wamekuwa wakihangaika ili kila kifurushi kijengwe upya na yeyote, katika mashine yoyote, kitoke kile kile bila kupungua tarakimu moja. Na mwaka 2023 watu wa distribusheni iitwayo Guix walifika karibu na jiwe la mhunzi wa kwanza: walijenga mnyororo wao wote kuanzia programu ya baiti 357, ndogo kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuisoma yote kwa macho yake.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeondoa haja ya kuamini. Waliipunguza, wakaiweka mahali panapoonekana. Kumwamini mtu aliyekuonyesha njia aliyopita ni tofauti na kumwamini mtu aliyekwambia funga macho. Wa kwanza amekuheshimu hata kama hutaipita njia hiyo kamwe. Wa pili amekudharau hata kama hakukudhuru.

Kwa sababu hiyo nilimuunga mkono mama. Kosa la mnyororo ule wa zana halikuwa kutoka kwa wageni, maana hata Debian imejengwa na wageni kwetu. Kosa lake lilikuwa kutokuwa na njia ya kurudi nyuma. Lakini haki ya kijana haikufutika kwa mimi kusema hivyo, na hapa ndipo mama alipotufundisha jambo ambalo sijalisahau. Alisema: "Anayesema 'bado' ana deni kwa anayesubiri." Siku ile ile akamkalisha kijana kando yake, wakaanza kuujenga mnyororo kutoka katika maandishi ya Debian. Kwanza asembla na linka. Kisha kompaila nusu, kwa sababu kompaila kamili inahitaji maktaba ya C, na maktaba ya C inahitaji kompaila ya kuijenga, na duara hilo halivunjiki ila kwa kuanza na kitu pungufu. Kisha maktaba. Kisha kompaila kamili. Kazi ilichukua siku kumi na moja, na usiku mwingi. Sisi wengine tulikwenda zahanati kwa zamu kusaidia kuhesabu dawa kwa kalamu, kwa kuwa si haki uangalifu wetu ulipiwe na muuguzi peke yake.

Walipomaliza, waliujenga tena katika mashine nyingine wakalinganisha. Mara ya kwanza mafaili hayakulingana. Tukatafuta, tukakuta tofauti ni tarehe ya kujengwa iliyojiandika ndani ya faili. Wakairekebisha, yakalingana. Kijana ndiye aliyeandika maelezo yote ya njia ile, tena kwa lugha rahisi, ili atakayekuja baada yake asihitaji kumtafuta.

Limebaki neno moja, nalo linatuhusu sisi tunaopokea. Nyuma ya kisa cha xz kulikuwa na mtu mwingine, mtunzaji wa miaka mingi, aliyefanya kazi ile bila malipo. Alikwisha kusema hadharani kwamba amechoka na kwamba afya yake ya akili si nzuri, wakati watu wakimlaumu kwa kuchelewa. Katika uchovu huo ndipo msaidizi mpole alipopata nafasi. Programu yake ilikuwa katika mashine zisizohesabika duniani, na mzigo wake ulikuwa juu ya bega moja. Tunapenda kuuliza kama walinzi wetu ni waaminifu. Ni mara chache tunauliza kama wamelala, kama wamekula, kama yupo wa kuwapokea zamu. Njia iliyoachwa wazi haimfai mtu kama hakuna anayeipita, na anayeipita peke yake kila siku atachoka. Wahenga walisema ushikwapo shikamana. Aliyeleta chombo kipya asikitupe mlangoni akaenda zake, na waliokipokea wasimwachie akibebe peke yake hadi aanguke.

Siamini kwamba tutampata mhunzi wa kwanza tumuulize kuhusu nyundo yake. Lakini kila mmoja wetu ni mhunzi wa kati: amepokea nyundo kutoka kwa mtu, na yuko mtu atakayeipokea kutoka kwake. Baba anayemfundisha mwanawe desturi, mwalimu anayeingiza kitabu kipya darasani, fundi anayeongeza kompaila katika distribusheni, wote wanaweka mkono wao katika kazi ambazo hawataziona. Wajibu wao ni kuonyesha chombo kimetoka wapi na kimetengenezwaje, na kukaa karibu nacho, ili anayekitilia shaka apate mtu wa kumuuliza.